Mtani Wangu Aliniambia Maji Yana Chumvi, Nikacheka

Kosa ni langu. Naliandika hapa mwanzo kabisa kabla sijaanza kulizungusha, maana najijua. Miaka ya ofisini imenifundisha kusema "changamoto zilijitokeza" pale ambapo mtu mwenye haya angesema "nimeharibu." Basi mimi nimeharibu. Bibi mmoja amekufa, na mkono wangu umo.

Jina langu msilitafute. Niiteni mtu wa Kihonda, inatosha. Nimezaliwa Matombo, huko milimani Uluguru, naishi hapa Morogoro mjini na mke wangu na watoto, na kazi yangu ni kupanga matumizi ya ardhi. Yaani mimi ndiye yule anayekuja na ramani na kofia, anasimama kwenye shamba lako na kusema hapa itajengwa shule, hapa pabaki wazi.

Tangu mwezi uliopita situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama natembea. Nimepanda Matombo mara mbili kumwona dada yangu, na mara zote mbili nimeshuka siku hiyo hiyo, hata chai sijamaliza. Halafu nimepata tabia moja ambayo mke wangu anaiona ni ya wazimu: naonja maji. Ya bombani, ya ndoo, ya kisima cha jirani. Nikiyaona tu natia kidole nalamba. Juzi nimeonja maji ya kufulia. Mke wangu aliniangalia weee, mwisho akaliondoa beseni.

Hajui. Ninyi mnamtangulia kujua.

Miaka michache nyuma halmashauri moja ya huko Pwani, nayo sitaitaja, iliamua kutengeneza mpango wa kujiandaa na bahari. Habari hizi mnazijua. Bahari inapanda, ufukwe unaliwa, minazi iliyokuwa mbali na maji sasa imelala kifudifudi mchangani. Wenzetu wakaona wasisubiri mpaka watu waanze kuokolewa kwa mitumbwi. Mpango ukagawanywa: pale papandwe mikoko, pale pajengwe ukuta wa mawe, na pale ambapo hapana la kufanya, watu wahamishwe mapema kabla maji hayajawahamisha yenyewe. Lilikuwa jambo jema. Nataka lieleweke hivyo. Mpango haukuwa na ubaya, ubaya niliuleta mimi.

Waliomba watu wa ramani, nami nikaazimwa kutoka ofisini kwangu. Nilipewa vijiji vinne. Kila kijiji nichore mstari ambao mbele yake, upande wa bahari, mtu asijenge tena, kisha nitafute uwanja wa kuwahamishia waliokwisha kujenga. Kwa kila uwanja kulikuwa na fomu. Inauliza mwinuko, inauliza udongo, inauliza barabara, inauliza maji ya kunywa yako wapi na yakoje. Chini kabisa kuna kisanduku kimeandikwa Maoni ya Wananchi.

Kile kisanduku! Nikifumba macho nakiona.

Sasa mimi ni mtoto wa mlimani. Kwetu maji yanatoka juu. Ukitaka kujua kama nyumba itasombwa unaangalia juu, unaona korongo linaelekea wapi, basi umemaliza. Maji yanateremka, tabia nyingine hayana. Nilikwenda Pwani na macho hayo hayo. Nikiona mahali pameinuka kidogo na ni pakavu, moyo wangu unatulia, nasema hapa pema.

Kijiji cha tatu ndiko nilikokutana na Bi Zena. Jina nimelibadilisha. Alikuwa Mzaramo, mjane, mkubwa kwa umri kuliko mama yangu. Nyumba yake ya udongo ilikuwa ya mwisho kabisa kabla ya mchanga wa ufukweni, na uani kwake kulikuwa na kisima kifupi chenye maji matamu ya ajabu. Mita chache kutoka baharini, maji matamu! Kijiji kizima kilichota hapo.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza mimi mtu wa wapi. Nikasema Mluguru wa Morogoro. Basi. Yule bibi aliweka kata yake ya maji chini akashika kiuno.

"Mluguru, umefuata nini huku tambarare? Utaanguka. Miguu yako imezoea kupanda tu."

Kwa msiojua, Waluguru na Wazaramo ni watani. Mtani anaruhusiwa kukuambia lolote na wewe hukasiriki, ukikasirika umeshindwa. Anaweza kukuvua kofia akaondoka nayo, anaweza kukusema mbele ya wakwe zako, na siku ya msiba wenu ndiye anayekuja kuwachekesha nyumba nzima na kushika kazi ambazo wafiwa hawawezi kuzishika. Hivyo ndivyo tulivyoachiwa na babu zetu. Nikamjibu Bi Zena kwamba nimekuja kuwafundisha Wazaramo kulima, maana nasikia wanajua ngoma tu. Alicheka mpaka akakaa chini, na tangu saa ile nikawa mtu wa kwake.

Siku zote nilizokuwa pale nilikula kwake. Kila asubuhi alikuwa na jipya. Aliniambia Waluguru tunalala tumejifunga kamba kiunoni tusije tukabingirika bondeni. Kwenye kikao cha kijiji, wakati nimesimama naeleza mambo ya mstari na uwanja, alinyoosha mkono akatangaza kwamba yeye ameniposa na mahari ni mkungu mmoja wa ndizi, mbivu. Kikao kilivunjika kwa kicheko. Siku nyingine akaniambia kwa uso mkavu kabisa kwamba kaa wa pale wakiitwa kwa jina wanatoka shimoni. Nami nikainama, mtu mzima na shahada yangu, nikaita kaa! Watu walikuwa wamejificha nyuma ya nyumba wananitazama.

Kwa hiyo nilizoea. Akifungua mdomo, mimi tayari meno nje.

Siku ya kosa ilikuwa Alhamisi. Siku ile naikumbuka kwa sababu Jumamosi yake Matombo kulikuwa na ngoma ya mwali, binti wa dada yangu. Kwetu ukoo unafuata mama, na mjomba siye mgeni wa shughuli, mjomba ndiye shughuli. Mimi ndiye mjomba. Mwali hatolewi nje mpaka mjomba awepo. Dada alikuwa amenipigia simu mara tatu asubuhi ile, na mara ya tatu aliniambia kwamba nikimwaibisha nisikanyage tena kwake. Na mimi bado nilikuwa na uwanja mmoja wa kukagua pale na kijiji kizima cha nne sijakigusa.

Uwanja wenyewe ulikuwa mzuri kwa macho. Uko nyuma ya kijiji, mbali na ufukwe, umeinuka kidogo, barabara iko karibu. Upande wa nyuma kuna hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu katikati ya mikoko. Nililiona. Nikaona maji yake yako chini, yamelala kimya, nikaona hayanihusu.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ametangulia barabarani kumtafuta dereva wetu. Tulibaki mimi na Bi Zena, ambaye alikuwa amenifuata mpaka pale akiwa na jembe begani. Nilimuuliza kama anakuja kunizika. Yeye alikuwa anatazama hori.

"Mluguru," akaniambia, "maji unayoyajua wewe ni ya kuteremka. Ya kwetu yanapanda. Hapa bahari haiji kwa mlango wa mbele, inaingilia uani. Bamvua ikijaa, yale maji makubwa ya kila nusu mwezi, chumvi inapita chini kwa chini kutoka horini mpaka hapa tuliposimama. Marehemu mume wangu alichimba kisima hapahapa, na mwenyewe akakifukia."

Nilicheka. Jamani, nilicheka! Nikamwambia kumbe bahari ya Wazaramo haina adabu, inaingilia uani kama mwizi wa kuku. Akatabasamu kidogo tu, akaninyooshea jembe.

"Chimba uonje. Leo sitanii, mjukuu wangu."

Mtu mwingine yeyote angesimama hapo. Mhaya angesimama, mzungu angetoa daftari. Mimi nilikuwa mtani. Na mtani akikuambia leo hatanii, hapo ndipo anapoanza. Unakubali, unachimba, jasho linakutoka, kisha kicheko kinaanguka na kijiji kizima kinapata habari kwamba Mluguru amechimba shimo la bure. Habari ya kaa ilikuwa bado inaniuma.

"Bibi," nikamwambia, "ninyi mkisema hamtanii ndiyo utani wenyewe."

Aliniangalia. Akalirudisha jembe begani, akageuka akaondoka taratibu kwa ile njia tuliyojia. Mimi nikajisemea, leo nimemshinda.

Ndani ya gari kulikuwa na kipimo cha chumvi. Mnakitia kwenye maji kinawaambia, kazi ya dakika mbili. Kilikuwa sandukuni mwake, betri imekwisha tangu kijiji cha kwanza. Ningeweza kumtuma dereva akatafute betri. Ningeweza kuchimba. Ningeweza basi hata kulala siku moja zaidi. Nilikaa kiti cha mbele nikaweka fomu gotini, simu inaita, dada. Penye maji ya kunywa nikaandika: yapo chini ya ardhi, yanafaa. Penye Maoni ya Wananchi nikaandika neno moja.

Hakuna.

Kijiji cha nne nilikipita Ijumaa kama mtu anayepita sokoni hana cha kununua. Jumamosi nilikuwa Matombo. Ngoma ililia, mwali akatolewa amekaa mabegani, akanyunyiziwa, akaimbiwa, na mimi mjomba nikacheza mpaka shati likanigandia mgongoni. Wakati wa kula niliwasimulia jamaa habari za mtani wangu wa Pwani, bibi mwenye bahari inayoingilia uani. Watu walicheka sana. Dada peke yake aliniuliza, "Na ulionja?"

Nikamwambia aache ushamba. Nilisema hivyo, kwa dada yangu mkubwa, siku ya mwanawe!

Mpango ulipitishwa. Niliusikia ukisifiwa, na mimi nikiwemo kwenye sifa. Mwaka uliofuata kaya za mbele, zile zilizopakana na maji, zikaanza kuhamishwa. Mwenyekiti alinisimulia baadaye kwamba wazee walisita, walisema pale si pa kukaa, kila mtu anajua. Aliyewanyamazisha ni Bi Zena. Alibeba godoro lake kichwani akawa wa kwanza kwenda.

Najua mnauliza kwa nini, wakati yeye mwenyewe alijua chumvi ipo. Mimi pia niliuliza. Mwenyekiti akanijibu kwamba bibi aliwaambia hivi: mtani wangu alikuja na mashine. Kama amepima akaona panafaa, basi labda nchi imebadilika, mimi ni mzee, sijui ya leo. Lakini mtani hawezi kunitupa.

Alidhani nilipima alipoondoka! Alidhani nilibaki nyuma nikafanya kazi yangu kimyakimya nisimpe raha ya kunicheka. Hilo neno la mwisho linanitembeza Kihonda nzima. Mtani hawezi kunitupa.

Kisima kilichimbwa kwenye uwanja mpya. Wakati wa mvua maji yalikuwa ya kustahimilika. Kiangazi kilipoingia, bamvua moja, bamvua mbili, yakageuka. Maharage yakawa hayaivi. Chai ya maziwa ikawa inakatika sufuriani. Miche ya migomba waliyopanda mbele ya nyumba mpya ikaungua kwenye ncha za majani. Wanawake wakaanza kurudi na ndoo kwenye kile kisima kifupi cha ufukweni, safari ndefu kwenda, ndefu zaidi kurudi.

Mwenyekiti alikuja Morogoro kwenye semina akapita ofisini kwangu. Alileta chupa ya maji ya plastiki, kifuniko kimefungwa kwa kipande cha kanga. Akasema mtani wako anakusalimu, anasema hii ni zawadi yako, unywe.

Mnajua nilifanya nini? Nilicheka tena. Nilimwambia amwambie bibi nimeipokea, na mahari yake ya ndizi bado naisubiri. Mwenyekiti akaisogeza chupa karibu yangu. Akasema watu wanalalamika maji. Nikamwambia visima vipya huwa hivyo, vitatulia. Nilisema kwa sauti ile yetu ya kitaalamu, ile inayomfanya mtu aone aibu kuuliza mara ya pili. Alipotoka niliitia chupa kabatini nyuma ya mafaili. Sikuifungua.

Kwa hiyo aliniambia mara mbili. Mara ya kwanza kwa jembe, mara ya pili kwa chupa. Mtu afanye nini tena?

Kiangazi kilipozidi Bi Zena alichoka kubeba ndoo. Magoti yalikuwa yanamsumbua. Akarudi kwenye nyumba yake ya zamani, akasema atakaa hapo karibu na kisima mpaka mvua zirudi, halafu atahamia tena. Nyumba ilikuwa imekaa bila mtu miezi mingi na maji yalikuwa yameshaanza kuifikia. Chini ya ukuta udongo ulikuwa umelowa, umekula ndani. Walimwonya. Alisema huko juu nakunywa bahari, hapa bahari inaniangalia tu.

Ilikuwa asubuhi kweupe, bamvua kubwa na upepo. Maji yaliingia mpaka uani yakakaa, yakarudi. Yeye alikuwa ndani anachambua mchele. Ukuta wa nyuma, ule wa upande wa jikoni, ukakaa chini wote kwa mara moja.

Simu niliipokea nikiwa ofisini. Mwenyekiti alisema maneno machache tu, kwamba mtani wako ametutoka, njoo ufanye kazi yako. Hakukuwa na kejeli. Alimaanisha kazi ya mtani msibani, na mimi niliitwa kwa heshima.

Nilikwenda. Njia nzima nilikuwa namwambia dereva aongeze mwendo, halafu namwambia apunguze. Niliposhuka nilipita kwanza kwenye uwanja wangu mpya. Nyumba nzuri, zimenyooka kama nilivyozichora, na nusu ya milango imefungwa kwa kufuli. Ndoo zilikuwa zimepangwa barabarani zikielekea ufukweni.

Msibani walinipokea kwa vigelegele vya chini chini. Mluguru amefika. Binti yake Bi Zena, mwanamke wa makamo anayefanana naye kila kitu, alinifunga kanga ya mama yake kiunoni na kunipa ile kata ya maji. Maana yake niigize. Mtani anamwiga marehemu, jinsi alivyotembea, jinsi alivyosema, watu wanacheka, wanapata nguvu ya kumsindikiza. Kisha anaketi njiani kulizuia jeneza mpaka abembelezwe.

Nilikaa njiani. Jeneza likaja juu ya mabega ya wanaume, likasimama mbele yangu. Watu wote walikuwa wananisubiri. Kanga ile ilikuwa bado ina harufu ya moshi wa jikoni kwake, nami nikashindwa.

"Halipiti," nikasema. "Aliyemuua huyu ni mimi."

Walicheka. Kicheko kizuri, cha shukrani, cha watu waliolia siku nzima. Nikasema ndiyo, mimi, aliniambia pale pana chumvi nikaandika hakuna. Wakazidi. Nikasema sikupima! Nilikuwa na kipimo garini na sikupima, betri ilikuwa imekwisha! Hapo palikuwa hapashikiki tena. Mama mmoja alimwangukia mwenzake begani. Nikaanza kulia, na kadiri nilivyolia ndivyo walivyocheka, wanaambiana huyu mtani anajua, mtazameni na machozi anayatoa. Binti yake Bi Zena alikuja akaninyanyua kwa mikono miwili, anacheka na kulia pamoja, akaniambia ahsante, mama angefurahi.

Angefurahi! Sijui kama kuna kitu kimewahi kuniuma kama lile neno la ahsante.

Ndipo nilipouelewa ule uso wa Bi Zena siku ya Alhamisi, alipolirudisha jembe begani. Unasema kweli yako yote, mtu anakuonyesha meno.

Tulipotoka makaburini mwenyekiti alinisindikiza mpaka garini. Kabla sijafungua mlango akanisimamisha.

"Yale uliyosema pale njiani ulikuwa unatania?"

Nikamwambia hapana. Nikamweleza yote, jembe, betri, ngoma, fomu, chupa kabatini. Nilitegemea anipige. Ningeshukuru angenipiga. Alisikiliza mpaka mwisho huku anachora kitu mchangani kwa ncha ya kiatu. Kisha akaniambia kwamba kaya zilizobaki nazo zinahamishwa, uwanja ni uleule, na kikao cha kupitisha kiko mbioni. Faili lina fomu yangu. Yeye amepeleka malalamiko ya maji mara mbili, na mara zote mbili amejibiwa kwamba mtaalamu alishafika, na wananchi hawakuwa na maoni.

"Sisi ni watani zako," akasema. "Ukitulilia tutakucheka mpaka kesho. Nenda kawaambie wasiokuwa watani zako."

Huo ni mwezi sasa. Mwezi mzima wa kutembea na kuonja maji! Nimeandika barua nikaichana. Nimepiga simu nikakata. Nimejiambia kazi yangu itakwenda, watoto wanasoma, nani atanipa tena ramani. Nimejiambia hata bila mimi ukuta ungeanguka. Nimejiambia mengi, na kila nikimaliza kujiambia nasikia kiu.

Leo asubuhi niliitoa ile chupa kabatini ofisini nikaja nayo nyumbani. Kipande cha kanga kilikuwa kimekaza, nilikifungua kwa meno. Nikanywa.

Hayanyweki. Hayahitaji kipimo, hayahitaji betri, hayahitaji shahada. Mtoto wa chekechea angeyatema. Nimeyameza, funda moja, kwa sababu yeye aliyanywa kwa kuniamini.

Kisha nikachukua nakala ya fomu yangu, nikakata lile neno kwa mstari mmoja, nikaanza kuandika alichosema, kwa maneno yake, na mlango wa uani, na kisima alichofukia mumewe, na leo sitanii. Kisanduku hakikutosha. Nimegeuza karatasi nikaendelea nyuma. Chini nimeandika jina langu kamili, hilo ambalo hapa nawaficha.

Mke wangu, ukisoma ukurasa huu utajua ni mimi kwa habari ya beseni. Nisamehe nimekuambia wewe wa mwisho, pamoja na watu wote. Nilishindwa kukuangalia usoni.

Na ninyi wenzangu mnaozunguka na kofia na fomu, mnaopangia watu mahali pa kulala kwa sababu bahari inakuja, nisikilizeni mimi niliyeharibu. Msiandike hakuna. Haijawahi kutokea kijiji kisiwe na maoni, ila kuna mtu ana haraka ya kwenda kwao. Yule mnayemwona mcheshi, yule anayewaita majina, anayewalisha na kuwazuga kwa habari za kaa, ndiye aliyekaa pale miaka yote akiangalia maji yanapita wapi. Akikupa jembe, chimba. Ukionekana mjinga, umeonekana mjinga, imeisha, utakula chakula cha jioni ukicheka.

Kikao ni Jumatatu. Mnajua meza za vikao zilivyo, kila mjumbe na chupa yake ya maji mbele. Nitaingia na ya kwangu, nimimine glasi moja, niiweke mbele ya mwenyekiti wa kikao pamoja na fomu. Wala sitamwambia kwamba sitanii. Nitamwambia anywe.